Kuurudia Mswada: Mwongozo kwa Mtunzi wa Hadithi

Mtunzi wa shairi la kimapokeo la Kiswahili amejaliwa jambo moja ambalo mtunzi wa hadithi hanalo, nalo ni kwamba kosa lake hujitangaza lenyewe. Shairi la tarbia, yaani lile ambalo kila ubeti wake una mishororo minne, kwa kawaida huwa na mizani 16 katika kila mshororo, nane katika kipande cha kwanza na nane katika cha pili, na mizani ni zile silabi zinazotamkika. Ikipungua moja, mghani hujikwaa, na wasikilizaji hutambua kuwa kuna kilichopelea hata kama hawajawahi kuhesabu mizani maishani mwao. Sheikh Amri Abedi alizikusanya kanuni hizi katika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichotoka mwaka 1954 pamoja na diwani yake, na tangu hapo kila anayejifunza ushairi ana mahali pa kurejea. Nathari, yaani maandishi ya mjazo yasiyofungwa na vina wala mizani, haina kipimo cha namna hiyo. Aya mbovu inaweza kukaa katika ukurasa miaka nenda miaka rudi bila kumshitua aliyeiandika, kwa kuwa hakuna hesabu inayoikataa. Kwa sababu hiyo mwandishi wa hadithi fupi au riwaya hana budi kujiundia kipimo chake, na mwongozo huu unashikilia kwamba kipimo hicho hupatikana katika kuurudia mswada: kuuandika, kuuweka kando, kuusoma kwa sauti na kuuandika upya, mara nyingi zaidi ya zile ambazo wanaoanza hudhani zinatosha.

Mswada ni andiko la kazi kabla halijachapishwa, na rasimu ni kila hatua ambayo mswada huo hupitia. Rasimu ya kwanza ina wajibu mmoja tu, ambao ni kufika mwisho. Mtunzi anayesimama kila baada ya aya kutafuta neno bora zaidi, kurekebisha nukta na kulifuta jina la mhusika ili aweke jingine, mara nyingi huwa na sura ya kwanza iliyong'arishwa na hana sura ya pili. Kubuni na kusahihisha ni kazi mbili zinazodai akili mbili: ya kwanza hutaka ukarimu, mtunzi akubali kila linalokuja, ya pili hutaka ukali, mtunzi akatae karibu kila kilichokuja. Apikaye wali naye hupepeta mchele kwanza makapi yaondoke, kisha huuchagua mawe, na akijaribu kuyafanya yote kwa pamoja watu hula mawe. Mtunzi aiandike rasimu ya kwanza kwa kasi anayoiweza, aache alama pale asipokuwa na hakika, kama vile kuandika pembezoni kwamba jina la mtaa litatafutwa, na aendelee mbele.

Swali la muda huulizwa kabla ya maswali yote ya ufundi, na jibu lake halimo katika ufundi. Waandishi wengi wa Kiswahili waliojenga fasihi hii hawakuishi kwa kalamu. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo, na Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, ni zao la mtu aliyekuwa na saa za ofisi za kutimiza. Mohamed Said Abdulla alikuwa mhariri wa magazeti Unguja alipoibuka mshindi, kwa Mzimu wa Watu wa Kale, katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957 na 1958, na kitabu chenyewe kikachapishwa mwaka 1960. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa mfungwa wa kisiasa nchini Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mifano hii haitajwi ili kumtia haya mwandishi wa leo aliyechoka baada ya kazi, kwa sababu uchovu ni jambo la kweli na dhiki haimfanyi mtu kuwa msanii. Inatajwa kwa kuwa inaonyesha kwamba kinachohitajika ni kipande kidogo cha muda kisichoguswa, kinachorudi kila siku au kila wiki katika saa ileile. Saa moja ya alfajiri kabla nyumba haijaamka, ikishikwa kwa mwaka mzima, huzaa mswada. Siku nzima ya mapumziko inayosubiriwa mpaka kazi zote ziishe huwa haifiki.

Rasimu ya kwanza ikikamilika, iwekwe. Wapo wanaoona kuwa wiki mbili zinatosha na wapo wanaosubiri miezi. Kilicho muhimu ni kwamba mtunzi ausahau mswada kiasi cha kuweza kuusoma kama maandishi ya mtu mwingine. Adam Shafi alichapisha Kuli mwaka 1979, na riwaya yake iliyofuata, Vuta N'kuvute, ikatoka mwaka 1999. Hakuna anayemtaka mwandishi anayeanza asubiri miaka 20, lakini yeyote anayeona aibu kwa kuwa mswada wake umefikisha mwaka wa tatu na azingatie kwamba msomaji wa Vuta N'kuvute haulizi ilichukua muda gani.

Marejeo ya kwanza yashughulikie mambo mawili makubwa, ambayo ni msuko na msimulizi, na yasiguse kabisa tahajia wala uteuzi wa maneno. Msuko ni mpangilio wa matukio kwa namna ambayo moja linasababisha jingine, na njia rahisi ya kuukagua ni kuandika kila sura kwa sentensi moja kwenye karatasi ya pembeni, kisha kutazama kama kati ya sentensi mbili panaweza kuwekwa maneno "kwa hiyo" au "lakini". Pale ambapo panakubali "kisha" peke yake, hadithi imesimama, na huenda sura nzima inapaswa kuondoka. Hadithi ya upelelezi hufundisha jambo hili vizuri kuliko aina nyingine yoyote, maana mtunzi wake hulazimika kurudi nyuma baada ya kuujua mwisho na kupandikiza katika sura za mwanzo vidokezo ambavyo msomaji atavipita bila kuvitilia shaka. Na kwa kweli kila riwaya, hata ya mapenzi au ya maisha ya shamba, inahitaji kazi hiyo ya kurudi nyuma, kwa sababu mtunzi huijua hadithi yake barabara pale tu anapoimaliza.

Msimulizi ni ile sauti inayoieleza hadithi, na si lazima iwe sauti ya mwandishi. Usimulizi wa nafsi ya tatu unaoona yote huruhusu kuingia katika moyo wa kila mhusika, nao umezoeleka mno katika Kiswahili kwa sababu ndio usimulizi wa ngano. Hatari yake ni kwamba mtunzi hujisahau akaingia katika nyoyo tatu ndani ya aya moja, na msomaji asijue amsikitikie nani. Anayeanza afadhali ashikamane na mhusika mmoja katika kila sura. Wapo vijana wanaovutiwa na Euphrase Kezilahabi wa Nagona, riwaya ya mwaka 1990 ambamo mfuatano wa matukio na mipaka ya uhalisia vimevunjwa kwa makusudi, wakataka kuanzia hapo. Wanasahau kwamba mwandishi huyohuyo alianza na Rosa Mistika mwaka 1971, kwa usimulizi ulionyooka, na kwamba alikivunja kile alichokuwa amekwisha kukijenga kwa mkono wake.

Marejeo ya pili ni ya aya na vitenzi, na hapa ndipo penye kazi nyingi kuliko mahali pengine popote. Ichukuliwe aya ifuatayo, iliyobuniwa kwa ajili ya mwongozo huu, kama mfano wa rasimu ya kwanza:

"Bi Mwanaidi alikuwa na huzuni kubwa sana kwa sababu mtoto wake ambaye alikuwa amekwenda mjini kutafuta kazi alikuwa hajaleta habari kwa muda mrefu. Aliamka asubuhi na mapema. Alikwenda kisimani. Aliteka maji. Alirudi nyumbani. Alikuwa na mawazo mengi."

Hakuna kosa la sarufi katika aya hiyo, na mwalimu anayetafuta makosa ya sarufi peke yake angeipa alama nzuri. Hata hivyo, ikisomwa kwa sauti, sikio hugundua mambo matatu. La kwanza, kiambishi cha wakati uliopita, "li", kimerudiwa katika kila kitenzi kikuu, na kila kinapojitokeza hadithi huwa kama inaanza upya, kwa kuwa kazi ya "li" ni kulisimamisha tukio katika wakati wake. Kiambishi "ka", ambacho huonyesha tendo linalofuatia jingine, ndicho kinachoyaunga matendo yakawa safari moja. La pili, sentensi ya kwanza imebeba "alikuwa" mara tatu na kirejeshi kirefu "ambaye" mahali ambapo "aliyekwenda" kingetosha. La tatu, na ndilo zito zaidi, msomaji ameambiwa kwamba kuna huzuni na kwamba kuna mawazo, lakini hakuna alichopewa cha kuona. Rasimu ya baadaye ingeweza kuwa hivi:

"Bi Mwanaidi aliamka kabla ya adhana, akatwaa ndoo zake akaenda kisimani, akateka, akarudi. Alipozitua ukumbini ndipo alipoona kuwa ameteka ndoo mbili, kama zamani. Ya pili ilikuwa ya Juma ya kuogea. Aliitazama, kisha akaibeba akaenda kumwagia mchicha."

Neno "huzuni" limeondoka, na huzuni imebaki. Taarifa ya kwamba kijana amekwenda mjini na kwamba hajaleta habari haimo tena, lakini msomaji amekwisha kujua kuwa kuna mtu ambaye hayupo, naye atasoma mbele ili ajue yuko wapi, jambo ambalo aya ya kwanza ilimnyima kwa kumweleza yote mapema. Izingatiwe vilevile kwamba "ka" haikutumika mpaka mwisho. Mfululizo mrefu wa "akaenda, akafika, akaona, akasema" huchosha kwa njia yake, na msomaji huishiwa pumzi; ndiyo maana baada ya "akarudi" usimulizi umerudi kwenye "li", ukamsimamisha Bi Mwanaidi mbele ya ndoo ya pili. Mtunzi anayejifunza wapi pa kuachilia "ka" itiririke na wapi pa kuikata kwa "li" amejifunza sehemu kubwa ya mwendo wa nathari ya Kiswahili, na hakuna njia ya kujifunza hilo isipokuwa kusoma kwa sauti, tena pole pole, kurasa zake mwenyewe na za waandishi anaowaheshimu.

Katika marejeo hayohayo mtunzi awinde maneno yaliyokuja bila kuitwa. Kila mwandishi ana yake, lakini yapo yanayowaandama wengi: "sana" inayojaribu kuongeza nguvu palipo na kitenzi dhaifu, "aliweza kufika" mahali pa "alifika", "kwa namna moja au nyingine" ambayo haielezi namna yoyote. Methali nazo zitazamwe kwa makini. Kiswahili ni tajiri wa methali, na mhusika mzee anayezungumza kwa methali anaweza kuwa mhusika wa kweli kabisa. Lakini msimulizi anayefunga kila sura kwa methali humnyang'anya msomaji haki ya kufikia hukumu yake mwenyewe.

Marejeo ya tatu ni ya mazungumzo. Waswahili hupimana kwa namna wanavyoitana na kuamkiana, na mtunzi asiyelijua hili hupoteza chombo ambacho lugha yenyewe imempa bure. Kijana anayempita mjomba wake bila "shikamoo" ametenda jambo, na msomaji wa pwani au wa bara ataelewa kuwa kuna ugomvi kabla hajaelezwa. Mke anayemwita mumewe "baba Asha" leo, na kesho akamwita kwa jina lake tupu mbele ya wageni, amekwisha kuanzisha mgogoro wa sura nzima. Kwa hiyo kila palipo na mazungumzo mtunzi ajiulize mambo mawili, kwamba huyu anamwitaje yule, na kwamba je, hivyo ndivyo angemwita katika hali hii. Maelezo ya aina ya "alisema kwa hasira" mara nyingi yanaweza kuondolewa baada ya swali hilo kujibiwa, kwa sababu hasira inakuwa imeingia katika namna ya kuitana.

Hapa panazuka pia suala la lahaja, yaani aina za Kiswahili zinazotofautiana kwa mahali. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kufuatia mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikausimamia usanifishaji huo. Ni uamuzi uliowapa wasomaji wa nchi kadhaa lugha moja ya maandishi, na usimulizi wa hadithi hunufaika nao. Lakini hakuna sababu ya kumfanya mvuvi wa Pate, mama wa Mvita au mchuuzi wa Lubumbashi azungumze kama kitabu cha sarufi. Sauti ya Dhiki imeandikwa kwa Kimvita, nayo ilitunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Msimulizi na atumie lugha ambayo wasomaji wake wote wanaifahamu, na wahusika waachiwe ndimi zao, mradi mtunzi awe amezisikia kwa masikio yake na hazibahatishi.

Ufahamu wa namna hiyo unahusu kazi za wahusika pia. Kuli imejengwa juu ya maisha ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, na haiwezekani kuandika riwaya ya namna hiyo bila kujua jinsi mzigo unavyoshushwa na kubebwa. Mtunzi anayeandika kuhusu uvuvi aende ufukweni akaulize. Akijua kuwa dema, ule mtego wa kusukwa, hutegwa ukaachwa chini ya maji, ilhali mshipi hushikwa mkononi, ataweza kuandika subira mbili zilizo tofauti: ya anayelala nyumbani huku akili iko baharini, na ya anayekesha juu ya ngalawa akisikiliza kwa kidole. Akijua tofauti ya bamvua, wakati maji yanapojaa na kutoka kwa nguvu, na maji mafu, wakati mwendo wake ni mdogo, hatamtuma mhusika wake kutembea mwambani siku ambayo mwamba haujitokezi. Haji Gora Haji wa Tumbatu, mtunzi wa diwani ya Kimbunga ya mwaka 1994, alikuwa amewahi kufanya kazi za bahari, na bahari ya tungo zake ni ya mtu aliyewahi kuloa. Asiyejaliwa kuishi hivyo anaweza kuuliza, na watu hupenda kuulizwa kuhusu kazi zao kuliko waandishi wanavyodhani.

Baada ya marejeo haya mswada upewe msomaji wa kwanza, ambaye asiwe mtu anayemwogopa mtunzi wala anayetaka kumfurahisha. Asiulizwe kama hadithi ni nzuri, kwa kuwa adabu itamlazimisha kuitikia. Aulizwe ni wapi aliuweka chini mswada akaenda kufanya jambo jingine, na ni mhusika gani ambaye jina lake limemtoka. Anapotaja mahali palipomchosha, karibu kila mara huwa anasema kweli. Anapopendekeza dawa, mara nyingi hukosea, kwa sababu chanzo cha ugonjwa huweza kuwa sura mbili nyuma.

Kuhusu uchapishaji yatosha kusema machache. Mtunzi asome orodha ya vitabu vya mchapishaji kabla ya kumpelekea chochote, maana wachapishaji wengi wa Afrika Mashariki hutegemea soko la shule na hadithi ya watu wazima inaweza kukataliwa bila kuwa mbaya. Zipo tuzo zinazowafungulia mlango waandishi wa miswada, kama vile Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na nchini Tanzania ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Mkataba ukija, usomwe neno kwa neno: mrabaha, yaani fungu la mauzo analopata mwandishi, umehesabiwa juu ya bei ya rejareja au juu ya fedha zinazomfikia mchapishaji, hakimiliki inabaki kwa nani, na haki za tafsiri na filamu zimetajwa au zimefichwa ndani ya sentensi ya jumla. Vuta N'kuvute ilipata filamu mwaka 2021, zaidi ya miaka 20 baada ya kitabu, na hakuna mwandishi anayeweza kujua wakati wa kutia sahihi ni haki ipi itakayokuwa na thamani baadaye.

Mhariri atakapourudisha mswada ukiwa umejaa alama, mtunzi aupitie siku ya kwanza bila kujibu lolote, na siku ya pili akubali masahihisho yote yanayohusu tahajia, mkanganyiko wa tarehe na sentensi ambazo hata yeye akizisoma kwa sauti hujikwaa. Yale yanayogusa sauti ya hadithi ana haki ya kuyajadili. Iwapo mazungumzo ya bibi wa Pate yamegeuzwa kuwa Kiswahili sanifu, ayarudishe yalivyokuwa, kisha aandike pembeni kwa sentensi moja kwa nini bibi huyo anazungumza hivyo, kwa sababu mhariri ambaye hakuelezwa atayasanifisha tena katika prufu, wakati ambapo kila badiliko lina gharama yake.